Baba na Vita ya Chad

Juzi nilimwona mtoto wa jirani akipanga mawe ya redio, betri zilizoishiwa, juu ya bati, jua la mchana liyachome yarudishe nguvu. Nilipopita karibu nikanusa ile harufu ya chuma cha moto iliyochanganyika na kitu kama chumvi iliyolowa, nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina lake. Kwa dakika chache nilikuwa tena na miaka tisa, katika kiwanja chetu hapa Kasongo, nikiyalinda mawe ya baba yasiangushwe na kuku.

Baba alikuwa mwalimu wa darasa la tano, mtu mwembamba mwenye suruali moja nzuri na redio moja. Redio ile ilikuwa na kifuko chake cha ngozi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mama alisema kwamba angezaliwa redio angebembelezwa zaidi. Baada ya swala ya alasiri majirani walikuja na viti vyao, baba akaifungua taratibu, na dunia nzima ikaanza kukoroma na kupiga miluzi ndani ya kiwanja chetu.

Nchi yetu wakati ule iliitwa Zaire. Siku moja redio ilisema kwamba askari wetu wamepelekwa Chad, kuisaidia serikali ya huko iliyokuwa ikipigana na waasi. Haukupita muda ikafika barua ya Baba Mdogo Salumu, mdogo wake baba, aliyekuwa askari Kinshasa. Ilikuwa fupi: yeye yumo miongoni mwa wanaokwenda, tumsalimie Koko, na Koko asilie. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yao. Alilia hata kabla baba hajamaliza kusoma.

Nilimpenda sana Salumu. Alikuwa mtu anayecheka kabla hadithi yake haijafika penye kuchekesha, hivyo sisi watoto tulicheka naye bila kujua tunacheka nini, na mara nyingi hadithi yenyewe haikumalizika.

Baba alichora ramani ya Chad kwa chaki kwenye ukuta wa sebule. Akatueleza kwamba huko hakuna msitu, hakuna mihogo, hakuna mto kama Lualaba, ni mchanga tu hadi macho yanapoishia. Nikauliza, "Sasa wanagombania nini?" Wazee walicheka sana. Baba hakucheka.

Nikikumbuka leo, naona kwamba kila mtu pale alikuwa na Chad yake. Mzee Kibwana, mwenye duka, alifurahi kusikia redio za kigeni zikilitaja jina la nchi yetu. "Zamani wageni ndio walikuja kututuliza siye," alisema akijipiga kifua. "Leo ni siye tunaitwa!" Mama Feza, muuza mandazi, ambaye kijana wake alikaa bure nyumbani, alisema angalau askari wa huko wanakula nyama. Wengine waliunga mkono kwa sababu miaka ile kutounga mkono kulikuwa na matatizo yake. Mimi niliunga mkono kwa sababu ya viatu. Yalipangwa maandamano mjini ya kuwapongeza askari wetu, na mimi nikachaguliwa kukariri shairi alilolitunga baba, kwa hiyo nikanunuliwa viatu vyeusi vyenye kishikizo.

Mama peke yake ndiye hakuwa na Chad yoyote. Jioni moja, akitwanga sombe, majani ya mihogo, alimuuliza baba bila kuinua macho, akimwita kwa jina langu, "Baba Mwamini, hawa Wachad, iko hata mumoja unamujua jina?"

"Si lazima kumujua mutu ndiyo umusaidie," baba akajibu.

"Mimi namujua Salumu," mama akasema, akaendelea kutwanga.

Siku ya maandamano nilisimama juu ya meza mbele ya wakubwa na wanafunzi wa shule zote. Shairi lilisema kwamba Zaire haiwezi kulala jirani yake akilia. Nililisema lote bila kukosea. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na kule nyuma ya umati nikamwona baba akifuta macho kwa kiganja. Nilidhani hakuna siku itakayonipa furaha kuliko ile.

Mvua zilikuwa zimekwisha alipokuja askari mmoja, mtu wa Kabambare. Alishuka treni huko Samba, akavuka Lualaba, akakodi baiskeli hadi kwetu, na mchana ule alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama na Koko walikuwa shambani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipepeta mchele, chini ya dirisha.

"Mwalimu," nilimsikia akisema, "Salumu ameshafariki. Tulimuzika kulekule."

Baba akauliza ilikuwa katika pigano gani.

"Hatukupigana, mwalimu. Hata risasi moja hatukupiga. Lori ilikuwa inaleta maji. Salumu alikaa juu ya mapipa. Ikapinduka mu mchanga."

Kuku wakaja kudonoa punje nilizomwaga. Kisha baba akasema kwa sauti niliyoijua ya darasani, sauti ya kusahihisha kosa, "Mama yetu usimwambie habari ya lori. Mwambie alikuwa mbele."

"Mbele wapi, mwalimu? Kule hakukuwa na mbele."

"Mwambie alikuwa mbele."

Na ndivyo alivyomwambia. Koko alimuuliza kitu kimoja tu, "Alikuwa ameshika bunduki yake?" Askari akatazama chini. "Ndiyo, mama." Koko akaitikia kwa kichwa, kisha akakaa ardhini, na kilio kikaanza.

Nilidhani baada ya hapo baba ataichukia vita. Aliipenda zaidi. Kwenye dua ya arobaini alisimama akawaeleza waliokuja kwamba Zaire ilifanya haki. Askari waliobaki waliporudi makwao, na redio ikapata habari nyingine, na mvua ya upepo iliyoingia dirishani ikafuta nusu ya ramani, yeye alitafuta chaki akaichora upya. Siku moja Mzee Kibwana, yuleyule wa kujipiga kifua, alipiga miayo akasema, "Lakini ile mambo ya Chad ilitusaidia nini?" Baba alitoka dukani mle bila kuaga, na tangu siku hiyo alitembea hadi soko la mbali kununua chumvi.

Nami nilimkasirikia. Nilijua habari ya lori, na sikumwambia mtu. Niliamua kwamba baba aliipenda serikali kuliko mdogo wake, na kwamba watu wanaoshangilia vita za mbali wana jiwe mahali pa moyo. Nilikua na wazo hilo. Hata vita zilipokuja kwetu, na nchi nyingine zikaleta vijana wao kupigana hapa, nilimtazama kila askari mgeni aliyepita Kasongo nikajiuliza ni mwalimu gani huko kwao aliyeichora nchi yetu ukutani.

Baba alipozeeka macho yalizimika. Asubuhi moja nilipokuwa nikimnywesha uji nikapata ujasiri. "Baba, ile vita ya Chad ilikuwa yetu?"

Alimeza, akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Salumu hakutaka," akasema. "Alitaka kwenda Nyangwe kuvua samaki na wajomba zetu. Ni miye nilimujazia karatasi za jeshi. Nilimuambia, huko utakuwa mutu. Alilia, nikamusukuma." Akanitafuta kwa mkono hewani hadi akaupata wangu. "Kama haikuwa yetu, mwanangu, basi nilimupeleka kufanya nini?"

Miaka yote nilifikiri anaitetea serikali, kumbe hakuwahi kuifikiria. Alikuwa akikitafutia kifo cha ndugu yake mahali pa kukaa, pasipokuwa juu ya mikono yake mwenyewe. Nilijua ukweli wote, lori na mapipa na mchanga, na ningeweza kuusema.

"Ilikuwa yetu, Baba," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akafungua kinywa nimpe uji.