Ulinunua kwa Ngapi?

Ustadhi Shauki alilichukia swali moja tu duniani: "Ulinunua kwa ngapi?" Alipostaafu kutoka idara ya maji aliuza bangili saba za dhahabu za mkewe Nagwa, akaongezea kiinua mgongo, akanunua fleti ya ghorofa ya nne hapa mtaani kwetu Shubra. Akaipaka rangi, akabandika vigae vipya, aiuze kwa faida. Nagwa alimpa muda mpaka Idi. Bangili zisiporudi mkononi, alisema, yeye anahamia kwa dada yake, mjini Tanta, na sufuria zote anabeba.

Wanunuzi walikuja na swali lao mdomoni, na Shauki alikuwa na majibu ya kila aina. Mmoja, Shauki alimwambia kwamba yeye akitaja bei, husuda itapasua dari. Wa pili alimwagizia chai, na chai ilipofika akamsimulia habari za figo zake. Wa tatu alimuuliza, "Na wewe mkeo ulimtolea mahari ngapi?" Huyo aliondoka amenuna. Mimi ni jirani wa mlango wa pili, na nakiri mlango wangu niliuacha wazi kidogo makusudi.

Waliokosa jibu juu walishuka kwa bawabu, Ami Basiri. Naye aliwaambia bila kinyongo: milioni moja na laki mbili. Wakikumbuka kwamba Shauki anataka milioni mbili na laki sita, walimwita mnyonyaji na hawakurudi.

Kichekesho ni kwamba Shauki alinunua kwa milioni mbili kamili. Lakini kwetu bawabu aliyekutafutia fleti ana haki yake, asilimia moja ya bei, na Shauki alimtajia bei ya uongo ili abaki na paundi elfu nane. Elfu nane! Maskini Basiri alikuwa akieneza uongo kwa moyo mweupe.

Wiki moja kabla ya Idi akaja mwalimu mkuu mstaafu Inayat, ambaye sote twamwita Abla kwa heshima, aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma. Basiri alipanda naye, amembebea mkoba.

"Shauki mwanangu, ulinunua kwa ngapi?"

"Abla, hayo ni mambo ya ndani..."

"Ami Basiri kaniambia moja na laki mbili. Unataka kunichuna mchana kweupe?"

"Si kweli, wallahi!"

"Mimi mwongo?" Basiri aling'aka. "Si wewe mwenyewe uliniambia, tena umeshika kifua?"

Nilimwonea Shauki huruma, kweli. Mwishowe akaenda kabatini, akatoa mkataba. Abla akavaa miwani, akausoma kwa sauti ya darasani: milioni mbili, sahihi, mashahidi.

"Haya, kumbe faida yako laki sita, na kazi umefanya. Si haba. Bei naikubali."

Shauki akainua viganja, tayari kusoma Fatiha ya kufunga biashara.

Basiri alikuwa akihesabu kwa vidole. "Kumbe elfu nane zangu ulizila, ustadhi?"

"Nitakupa! Nakupa sasa hivi!"

Abla hakuinua viganja. Aliingia bafuni, akagonga vigae vipya kwa pete yake, akasikiliza, akarudi kuchukua mkoba.

"Mwanangu, bei haina neno. Lakini mtu aliyemdanganya bawabu kwa elfu nane, humu ukutani ameweka mabomba gani?"