Bibi Akataa Kuandikwa Asiyejiweza

Harufu ya kahawa iliyochachuka kwenye pipa la maji, tamu na kali kwa pamoja, ndiyo iliyotuamsha msimu wa mavuno, miaka ile ya mwanzo ya kijiji chetu cha ujamaa huku milimani Mbinga. Siku hizo uzee ulianzia machoni. Karibu kila nyumba ilikuwa na mzee aliyeshika bega la mjukuu kwenda kanisani, na hakuna aliyeshangaa. Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa ameshapofuka kabisa, lakini vichanja vya kuanikia kahawa alivipita peke yake akivipapasa, na ole wako umwambie akapumzike.

Katibu wa kijiji, kijana mpole kutoka mkoa mwingine, alipoandikisha wafanyakazi alimweka Bibi kwenye orodha ya wasiojiweza. Aliona anamsaidia, maana hao hawakudaiwa kazi. Bibi akawaka. Kwake, asiyefanya kazi ya kijiji hakuwa na neno mkutanoni, na yeye maneno alikuwa nayo mengi. "Mwanangu, nifute humo," alisema. Katibu akacheka kwa adabu, asifute.

Wiki hiyo hiyo kahawa ya kijiji ilikuwa imeshafungwa magunia, ikingoja lori la kuipeleka kiwandani. Bibi akaja na fimbo yake, akaingiza mkono kwenye gunia, akamenya punje moja, akaing'ata, akamwekea katibu kiganjani. "Umeona alama ya jino? Iliyokauka haiachi alama. Hii kiwandani itarudishwa." Katibu aling'ata ya gunia la pili, kisha la tatu, uso ukamshuka. Yote yakaanikwa upya, siku tatu za jua kali, na Bibi ndiye aliyesema lini yafungwe. Halikurudi hata gunia moja. Mkutano uliofuata, katibu alisoma jina la Bibi kwenye wakaguzi wa kahawa, akina mama wakapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Mimi nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Sasa nimefika umri wake. Mtoto wa jicho nilitolewa asubuhi moja tu, na gazeti nasoma. Magoti ndiyo yaliyonigeuka, mimi na wenzangu karibu wote. Juzi binti mmoja wa afya alikuja na fomu, akaniamkia vizuri, akauliza, "Bibi, kazi zipi zinakushinda?" Nikamwambia avute kiti, aandike kwanza ninazoziweza. Karatasi ikamwishia.