Kipimo cha bilharzia kilivyotaka kuvunja ndoa yangu hapa Kapata

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Aibu yake nimeshaimeza.

Kazi yangu ilikuwa kuosha madini mtoni, maji mpaka mapajani. Bei ya kobalti ikaanguka, kisha askari wakaja wakatufukuza mgodini sote.

Nikarudi mtaani kwetu Kapata kukaa bure. Tumbo nalo likaanza kuuma, choo kina damu. Mke wangu, Mama Ngoie, akasema ni uvivu.

Bahati wakaja watu wa afya, wanapima mkojo uani mwa kanisa, wanatafuta minyoo ya bilharzia. Infirmière, yaani nesi, akadondosha wangu kwenye kiplastiki cha kipimo. Mstari wa kwanza, wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, ukatoka wazi. Wa pili, wa ugonjwa... hafifu, kama mtu kaufuta. Yeye anauona, mwenzake hauoni, foleni nzima ikaja kutoa maoni!

"Tata, mustari ya nguvu tunaiamini," akaniambia. "Hii ya kukosa nguvu inaweza kudanganya. Uende ku kituo ya afya ya Manika, bapime choo."

Nikamwomba kile kiplastiki, nikakitia mfukoni, Mama Ngoie aone ushahidi.

Kosa, wakuu.

Nikapitiwa na usingizi, yeye akachukua suruali kufua. Kuamka, mama mkwe kaketi mbele yangu, kakishika kile kiplastiki.

"Mistari mbili. Ni mimba ya nani?"

"Ni mukojo yangu, mama."

"Njo kusema ni weye uko na mimba?"

Mama Ngoie analia: "Kazi hauna, lakini banamuke ba inje uko nabo!"

Kueleza minyoo, hakuna anayesikia.

Kesho yake wakanisindikiza Manika kwa pikipiki za taxi-moto. Kopo la choo kalishika mama mkwe mwenyewe, nisije nikabadilisha.

Majibu: hakuna kitu. Nikaona ndoa inaondoka hivi hivi.

Fundi wa maabara akaniokoa: "Mayai inaweza kukosekana mu choo ya leo. Mulete ingine."

Tukaleta. Mayai ya bilharzia, yapo! Mama mkwe akapiga vigelegele mle maabara. Sijawahi kuona minyoo inapokelewa vile. Mama Ngoie akanishika mkono: "Pole, Tata Ngoie." Nikapewa vidonge, sasa niko mzima.

Nilichojifunza: mstari hafifu si ndiyo wala si hapana. Pima choo, na kikitoka safi, rudia. Mliosimama kwenye yale maji, msingoje damu.

Nyie mliojibiwa "labda", mlifanyaje? Ila andikeni kwa adabu, mama mkwe anasomewa komenti zote.