Kimya cha Ukumbi wa Mikutano

Mtaani walimwita Bado Kidogo, maana ndilo jibu alilompa kila aliyemuuliza kama video imekwisha. Alikuwa mtu wa kujitegemea, kazi yake kutengeneza filamu za makampuni: leo kiwanda cha mabomba, kesho watu wa bima. Na wenye makampuni, jamani, hawajui wanachotaka mpaka uwaletee wasichokitaka.

Zamani usumbufu huo waliubeba wawili, yeye na mkewe. Mama watoto ndiye aliyeshika maikrofoni. Kila mahojiano yalipoisha, walibaki wakarekodi kimya, kwani kila chumba kina kimya chake, na ukikata maneno ya mtu, hicho ndicho kiraka cha kuziba pengo. Bado Kidogo alinyanyua kidole, watu wote tuli. Hapo ndipo bibie alipobanwa na kicheko.

"Wewe, nyamaza!"

"Si nimenyamaza? Hilo ni tumbo lako linaongea."

Sasa mama watoto ametangulia mbele ya haki, na kiwanda cha mabomba kimetaka filamu mpya. Mkurugenzi alihojiwa kwenye ukumbi wa mikutano, akajikwaakwaa maneno na kukohoa mpaka mwisho. Bado Kidogo akanyanyua kidole, lakini dada wa mawasiliano wa kiwanda alikuwa ameshaanza kuzima taa.

"Mzee wangu, bosi ana kikao. Tumekuita upige video au uje kunyamaza?"

Wakacheka, wakatoka.

Nyumbani, kila kikohozi alichokata kiliacha pengo kama la jino. Akatuma hivyo hivyo, ikarudi: "Sauti inakatika. Halafu nembo iwe kubwa." Akatuma tena, ikarudi tena. Mwisho dada akapiga simu. "Mzee wangu, ikikatika tena tunampa mwingine."

Mteja mwenyewe ndiye huyo tu aliyebaki.

Ndipo akakumbuka kanda ya zamani, ya kimya walichorekodi na mkewe kiwandani hapo. Ukumbi ule ule, feni ile ile iliyokuwa ikilalamika juu ya meza. Akaitoa kabatini, akaisikiliza. Feni ikanguruma weee, kisha pumzi ndogo ikavutwa ghafla na kuzuiwa, kama mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. Akairudisha nyuma. Akairudisha tena. Chai ikapoa.

Sehemu safi ya kanda ilitosha kuziba mapengo yote. Lakini lile la mwisho, kabla mkurugenzi hajawashukuru wafanyakazi, aliliziba kwa ile sehemu yenye pumzi. Akatuma, roho mkononi.

"Safi sana," dada akajibu. "Ila nembo ongeza kidogo."

Siku ya kuionyesha alisimama nyuma kabisa ya ukumbi ule ule, karibu na mlango, pale mkewe alipopenda kusimama ili akizidiwa akamalizie kicheko nje. Kwenye skrini mkurugenzi akanyamaza. Feni ikanguruma. Pumzi ikavutwa.

Dada wa mawasiliano akageuka. "Nani anacheka huko?"

Bado Kidogo alikuwa ameshanyanyua kidole. Ukumbi mzima ukatulia.