Hapa Tunasalimia na Mudomo

Munganga wa hospitali alituonyesha foto ya mufupa: karibu na bega, fasi mukono inaanzia, mufupa ilikuwa imevunjika. Mujukulu wangu alianguka kwa ukuta ya kuzunguka parseli yetu, akifuata nguo yenye upepo ilibeba. Mimi nikangojea pilatre, ile plasta nyeupe ya kukauka ngumu juu ya mukono. Lakini munganga akamufunga kitambaa tu, kutoka kwa shingo, mukono ya kuume ikalala juu ya tumbo.

"Kambo," akaniambia, vile mujukulu wangu ananiita, "kwa mutoto wa miaka kumi na mbili, mufupa ya fasi hii inajitengenezaka yenyewe. Lakini mukono ibakie pale. Mukimutosha kitambaa mbele ya wakati, mufupa itasogea, na pale tutaongea habari ya kupasua."

Kupasua mutoto! Ile neno ikanikaa.

Nyumbani bantu bakajaa kutupa pole. Na huyu mutoto ni mimi nilimukomalisha, nikamufundisha salamu: mukubwa akiingia, unakunja magoti, unatoa mukono ya kuume, ya kushoto inaishika kwa kiwiko. Basi kila mugeni akiingia, yeye anachomoa mukono mu kitambaa. Anauma midomo juu ya maumivu, lakini anasalimia. Ninamukataza, anaitika, mwingine anaingia, anachomoa tena. Na bale bakubwa, mikono yabo iko tayari mbele. Hakuna hata mumoja mwenye kusema, "Mwanangu, acha."

Mama moja wa kwaya akaangalia kile kitambaa.

"Ni hii tu? Hata pilatre hawana?"

"Pilatre utakula?" nikamujibu.

Kisha mukwe wangu akafika kutoka Kipushi, mama ya muke ya mutoto wangu wa kiume. Ule mama, hakuna mutoto mwenye kumusalimia na mukono moja. Mu kitunga alileta mafuta ya kukanda. Mutoto akakunja magoti, vidole vikaanza kutoka mu kitambaa.

"Acha!" nikapiga kelele kwa nguvu.

Mukwe akabakia mikono mbele, bila kitu.

"Mujukulu wangu ananinyima mukono, na wewe njo unamutuma?"

"Mukono iko na kazi ingine, mama."

"Kazi gani? Si iko inalala!"

"Ile kulala njo kazi yake."

Akabeba kitunga na mafuta yake, akaenda kutafuta bisi ya kurudia Kipushi. Bukari, ugali yetu, ilikuwa kwa meza, hakugusa. Mukwe kutoka kwako na njaa ni haya, Lubumbashi muzima inajua. Muke ya mutoto wangu akaacha kuongea na mimi. Vizuri, akae kimya.

Nikatosha kitenge ya zamani, nikafunga ule mukono kwa mwili juu ya kitambaa, fundo nyuma, fasi mutoto hawezi kufika. Nikaweka kiti kwa mulango ya parseli. Mwenye kuingia, ninamuambia, "Hapa tunasalimia na mudomo." Bamoja banacheka. Bengine banarudia njia. Nilichoka na bantu.

Tuliporudia hospitali kwa foto ya pili, munganga akaiweka mbele ya mwangaza.

"Haikusogea, kambo. Imeshika."

Mutoto alipoanza kunyanyua mukono vizuri, nikapiga simu Kipushi. Mukwe akakuja. Mutoto akakunja magoti, akatoa mikono mbili. Mukwe akashika ile ya kuume, akaisukuma juu, akaishusha, akapapasa bega. Kisha akanigeukia.

"Na bila pilatre," akasema, kama vile ananishitaki, lakini akakaa kwa meza.

Nilienda kuweka maji ya bukari kwa moto, mbele abadilishe mawazo.