Usimpeleke Mtoto kwa Mwenye Spoku

Nakumbuka asubuhi moja kule machimboni, mwanangu Bhoke, kabla hujazaliwa. Kaka yako Chacha alikuwa na miezi sita, anaharisha, mwili unachemka, na mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye dhahabu. Baba yako alishinda shimoni, mimi niliponda mawe na kuosha mchanga, na uji wa mtoto nilikoroga kwa maji ya dimbwi lile lile la kuoshea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najiona mjanja kweli.

Jirani akamfunua mtoto mdomo, akaona uvimbe mweupe kwenye fizi. "Mama Chacha, hayo ni meno ya plastiki. Yasipotolewa anakufa."

Zahanati ilikuwa mbali, na kwenda kule ningepoteza zamu yangu ya kuosha. Mtoa meno alikuwa hapo hapo, nyuma ya kibanda cha chai. Nilimshika mwanangu kichwa kwa mikono yangu miwili, mzee yule akachimba fizi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Akaniwekea kiganjani vitu vinne vidogo, laini kama punje za mahindi mabichi. Nikamshukuru. Mpaka leo inaniuma kwamba nilimshukuru.

Kuhara hakukukoma. Kesho yake mtoto alikuwa anafungua mdomo kulia na sauti haitoki. Hapo nikatupa karai, nikambeba mgongoni mbio hadi zahanati. Nesi, mama mmoja wa Itiryo, hakuitikia shikamoo yangu mpaka alipomnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, na mtoto akatoa sauti.

"Marahaba. Haya, nionyeshe walichotoa." Nikafungua pindo la khanga.

"Hizi ni mbegu za chonge zake," akasema. "Mimba yako ilipokuwa na wiki sita hivi, seli, zile chembe ndogo zinazojenga mwili, zilianza kuitana mdomoni mwake. Za ngozi ya juu ya ufizi zinatoa kemikali, za chini yake zinapokea, nazo zinajibu. Hakuna upande unaojenga bila kusikia mwenzake. Halafu kuna kifundo cha seli ambacho chenyewe hakikui, kazi yake ni kuelekeza seli zingine: hapa inukeni, pale tulieni. Kikiwa kimoja, jino linapata ncha moja, ndiyo chonge. Vikiwa vingi, linakuwa gego la kutafunia. Kazi ya miezi yote ya mimba, mama, na wewe umeniletea imechimbuliwa kwa spoku."

Nililia, mwanangu. Mtoto alikuwa anajijengea meno tumboni mwangu bila kunisumbua, nami nikashindwa kumpa siku moja ya kutembea hadi zahanati.

Chacha alipona, lakini spoku ilikuwa imefika hata kwenye mbegu za meno ya ukubwani. Chonge mbili hazikuota kabisa, mbili zikaota zimepinda na kumomonyoka. Ulizoea kuniuliza kwa nini kaka yako anacheka ameziba mdomo, nami nikakwambia ana haya. Nilikudanganya. Mwenye haya ni mimi.

Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu ndiye huyo mapajani mwako, anaharisha tangu jana. Nimesikia majirani zako hapa Nkende wakikutajia fundi wa meno. Waambie mama yako amekataa. Uvimbe ule mweupe ni jino linalosubiri siku yake, halina kosa lolote. Tafuta ugonjwa kwenye maji na kwenye sufuria. Chemsha maji, mnyonyeshe, mpeleke zahanati sasa hivi, na kazi ya leo iache ilale; kazi haizeeki, mtoto akiondoka harudi. Kuuliza si ujinga, lakini muulize anayejua.

Simama twende, nitambeba mimi. Mungu amlinde mjukuu wangu, amwoteshe kila jino alilolianza tumboni mwako, na siku ya harusi yake acheke mdomo wazi, mjomba wake akiwa pembeni anamwangalia.