Roshani ya Harusi Isiyo na Bwana

Chekeni kabisa mmalize, kwa sababu hata nikikataa kuhadithia, dada yangu Zuhura atawahadithia yeye, na akihadithia yeye mimi hutoka mpumbavu mara mbili, bora niwe mpumbavu kwa mdomo wangu mwenyewe. Aibu niliyoipata mtaani kwetu Kuze kwa ajili ya roshani, ndugu zangu, mtu mwengine angehama Mombasa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzo mwanzo, wakati ule ofisi ya kuhifadhi Mji wa Kale ndiyo kwanza imeanza kutubana: ukitaka kupasua dirisha, kibali, ukitaka kubadili mlango, kibali, uchorewe ramani, upeleke, ungoje. Mimi nilikuwa karani wa ghala kule Mbaraki, nikirudi nyumbani nimechoka nataka mahali pa kunywa chai nikipigwa na upepo, na nyumba aliyotuachia marehemu baba haina roshani, ilhali jirani wa ng'ambo ya kijia anayo, na kila jioni hukaa kule juu na kahawa yake akinitazama nilivyojibana dirishani (mke wangu Mwanaisha asema yule mzee hata haoni mbali, lakini mimi najua nilichokiona). Basi fundi wangu, Kombo, akaniambia kazi yenyewe ni ndogo, sikukuu ya Idi hiyo inakuja, maofisi yatafungwa, na wakifungua watakuta roshani imetulia ukutani kama imezaliwa na nyumba. Nikamkubalia. Kosa langu ni hilo tu, mengine yote yalijizaa yenyewe.

Idi ikapita. Alasiri moja nimekaa barazani na wazee wa mtaa, mara huyo, Bwana Hamisi, mkaguzi wa ile ofisi, kijana wa Kidigo kutoka pande za Kwale, mpole, nadhifu, aliyekuwa akipita kijia chetu mara nyingi kuliko vijia vyengine vyote (nami nikidhani labda nyumba zetu ndizo mbovu zaidi). Akainua macho, akaziona mbao zangu bado nyeupe, zatoa utomvu. Akaniuliza kwa adabu kama roshani ile ina kibali, akanieleza mbele ya watu kwamba ukuta ni wangu lakini hewa iliyo juu ya njia ni ya umma, mtu hajengi humo mpaka aruhusiwe. Sasa wazee wote wamekaza masikio, mpaka muuza kahawa ameacha kugonga vikombe vyake, na mimi nikaona haya kusema sina.

"Hiyo si roshani," nikamwambia. "Ni jukwaa la harusi, la wanawake kumtazamia bwana harusi akija. Harusi ikisha twalivunja."

Nilijua hapo hana la kusema, kwani nani amewahi kuombea kibali turubai la harusi? Kweli, akaanza kuikunja futi yake ya kupimia. Kisha akauliza, pole pole, "Harusi ya nani?"

Nikatazama juu kutafuta jibu, nikaona leso ya Zuhura imeanikwa kwenye kamba. "Ya dada yangu Zuhura," nikasema.

Wallahi uso wa yule kijana ulishuka. Mimi nikafahamu haniamini, basi badala ya kunyamaza nikaongeza bwana harusi: mtu wetu aliyeko Maskati, amekwisha posa, tumekwisha kubali. Hamisi akasema Mola awajaalie kheri, akaenda zake hata hakuaga vizuri.

Lazima niwaeleze Zuhura ni nani, mpate kujua nilifanya nini. Ni mdogo wangu, fundi cherehani, mwenye ulimi mkali na moyo laini, aliyeachwa na mumewe bila ya kosa na akarudi nyumbani, na watu wakamsema miaka mitatu mizima, amefanya hivi, ana lile, mpaka midomo ikachoka yenyewe. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutoka kichwa juu. Na wiki ile hakuwapo, alikuwa Malindi kwa khalati yetu, dadake mama, hajui hili wala lile.

Kabla ya Isha mtaa mzima umepata habari. Bi Rehema, ambaye hakuna harusi Kuze inayokwenda bila yeye, alishachagua kitambaa cha sare, ati rangi ya kijani kibichi, na wanawake wameanza kushonesha. Mpishi akaja kuniuliza biriani au pilau. Mwanaisha, niliyemwambia ukweli chumbani, alinitazama, akasema yeye hayumo, akageukia ukuta akalala. Kila nikitaka kukanusha nakuta mtu ananikumbatia kwa furaha, na yule bwana wa Maskati naye azidi kunenepa, mara ni injinia, mara ana gari mbili (la gari, Mungu anisamehe, nililisema mwenyewe).

Shauri langu lilikuwa nimpokee Zuhura Mwembe Tayari akishuka basi, nimweleze kabla hajakutana na mtu, nimpigie magoti ikibidi. Lakini siku hiyo mkubwa wangu wa ghala akanichelewesha na shehena ya saruji, na nilipofika mbio kijiani kwetu, nimelowa jasho na vumbi la saruji limenigandia usoni, Zuhura alikuwa amesimama katikati ya wanawake na mkoba wake mkononi, vigelegele vimepamba moto, Bi Rehema anampima kiuno kwa mikono. Hamisi naye yuko pale, ametumwa na ofisi kuja kuuliza harusi ni lini, wajue jukwaa linavunjwa siku gani.

Zuhura akawapenya wanawake wale. Akapanda juu, nikamfuata ngazini nikimtajia yote, Idi, Kombo, kibali, Maskati. Alipogeuka macho yamejaa machozi.

"Miaka mitatu nimengoja watu hawa wasahau jina langu, kaka," akaniambia. "Wewe umewakumbusha."

Ndugu zangu, aibu ya watu si kitu. Ile ndiyo iliyonikata maini. Nikakaa pale pale kwenye ngazi nikalia, na yeye akajifuta macho kwa buibui lake, akatoka nje, akasimama juu ya roshani yangu, mtaa wote uko chini yake.

"Asalamu alaikum," akasema. "Ahsanteni kwa vigelegele. Mimi sijaposwa na mtu. Kaka yangu amejenga bila kibali, akaona haya kusema, akaniozesha kwa mbao."

Mzee mmoja barazani akaanza kucheka, wakafuata wote, na nilipotokeza mlangoni na uso wangu mweupe wa saruji, kicheko kikawa maradufu. Aliyekuwa hacheki ni Hamisi peke yake. Akanijia karibu, anataka kuhakikisha.

"Bwana Athmani, yule wa Maskati hajaposa?"

"Hajazaliwa," nikamjibu.

Kijana akatabasamu mpaka masikioni, nami nikaona huyu ofisi imemharibu akili. Kumbe! Ijumaa baada ya sala wakaja wazee wa kwao, wamevaa kanzu zao, wakaketi wakaposa. Alikuwa ameshajiandaa kuposa kabla ya Idi, na aliposikia kuna wa Maskati akarudi nyuma, kwani haifai mtu kuposa juu ya posa ya mwenziwe. Na safari zote zile za kijiani kwetu, msinione mjinga, nilikuwa kweli nikidhani anakagua kuta.

Mimi ndiye walii wake wa kumwozesha, ikabidi niende kumuuliza. Zuhura alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa, ila masikio yalimwiva. Akasema amemkubali, lakini haolewi mpaka roshani ivunjwe, na niivunje mimi, mchana, watu waone.

Nami nikajifanya mjanja wa mwisho: nikamwendea shemeji faraghani, nikamwomba basi anipatie kibali kimya kimya, si tumekuwa jamaa?

"Ungenijia kabla, ningekuchorea mwenyewe," akasema. "Ya mbao, iwe juu, isimfunge jirani upepo, hiyo yaruhusiwa. Sasa nikikupa wataambiana nimeoa kwa kibali. Vunja, shemeji."

Nikavunja. Bi Rehema na wenziwe wamepanga foleni chini, kila ubao ukishuka wanapiga kigelegele, wazee wanatoa mashauri ambayo sikuwaomba, na Kombo fundi, muungwana yule, alisema mgongo unamuuma. Zile sare za kijani hazikupotea, zilivaliwa wiki ya pili, na Zuhura siku hiyo alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, nami nikafurahi furaha ambayo sijui kuisema.

Lakini nilikoma. Siku hizi hata bawaba ya mlango sibadili bila kufika ofisini kwanza, na karani akiniuliza sababu humwambia ya kweli, hata ikiwa ya kijinga. Sina dada mwengine.